Sahani Iliyorudi Tupu

Nitaanza na ubaya wangu, maana nikianza na wema wa mamangu nitajisahau, nijipake sifa zisizo zangu. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, katika Ramadhani moja ya miaka ya hamsini, nilimwaga chakula cha mwanamke mja mzito siku saba mfululizo. Nilimwagia punda. Sikuwa na wazimu wala sikutumwa na mtu. Nilikuwa naona haya tu, tena haya ya kipumbavu, na nimeishi nayo mpaka leo meno yameniisha.

Kwetu ni Amu, mitaa ya juu, katika nyumba ya mawe ya mababu. Chumba cha ndani kilikuwa na vidaka ukuta mzima, vile vishubaka vya chokaa ambamo zamani zilipangwa sahani za Kichina. Nilipopata akili sahani zilikuwa tatu, kisha zikawa mbili, kisha ikabaki moja ya samawati yenye ufa mdogo ukingoni. Hakuna aliyesema zile nyingine zimekwenda wapi. Kila ilipotoka sahani, mama aliweka kitu kingine mahali pake, chetezo au kikombe, na sisi watoto sita tulijua tusiulize.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto walisoma Qur'ani dakani mwetu, pale kwenye viti vya mawe vya mlangoni, na wazazi wao walitoa walichonacho. Mzazi wa Mkokoni alileta papa mkavu. Mzazi wa Kililana alileta mtama na kunde. Yule wa Pate alituletea nazi. Wazazi wa mjini, wenye nyumba kubwa kama yetu, aghalabu walileta maneno mazuri. Basi hicho ndicho tulichokula: papa, mtama, kunde na nazi, mwaka uingie mwaka utoke, na wali siku ya Ijumaa. Tukinung'unika, mama alitukata kauli.

"Hiki ni chakula cha Qur'ani. Asokitaka na ashuke, awapishe wenziwe."

Lakini msidhani alitupikia ovyo. Mamangu hakuwahi kuingia skuli, na mpaka leo sijaona mtu aliyejua chakula kama yeye. Alikuwa na sheria yake: katika kila sinia pawe na kitu cha shamba, kitu cha bahari, kitu cha kijani na kitu kikali. Kikali ni ndimu au ukwaju. Ndimu haikutiwa chunguni hata siku moja. Alisema ndimu ikipikwa inakufa, kwa hivyo aliikamua juu ya mchicha ukishaepuliwa. Mchicha wenyewe aliupanda darini, katika mitungi iliyovunjika. Nazi ilikunwa ikakamuliwa mara tatu: tui la kwanza la watoto, la pili la kupikia, la tatu la kuchemshia kunde, na machicha wakapewa kuku, na yai la kuku likawekwa kwa yeyote atakayeugua. Alikuwa akitufungua midomo na kututazama fizi kama mnunuzi wa mbuzi. Tulipanda ngazi za darini magharibi imeingia, bila taa na bila kujikwaa, na yeye alisema hayo ni majani, si dua peke yake.

Majani aliyoyapenda kuliko yote ni ya mronge. Mti wake ulikuwa umeota wenyewe ndani ya gofu, nyumba iliyoanguka baina ya kwetu na kwa jirani yetu mkubwa. Kakangu alitumwa kuyachuma asubuhi, kabla watu hawajawa wengi njiani. Mronge ulikuwa chakula cha wasio na kitu. Watu wazito hawakula mronge, au walikula na wakajificha.

Jirani huyo alikuwa mke wa mfanyabiashara wa boriti. Kwao kulikuwa na wali kila siku, mkate wa boflo asubuhi, chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kisimame. Alikuwa na binti mmoja, rika langu, tukisoma naye chuoni kwa baba. Baada ya binti huyo alizaa watatu, akawazika wote kabla hawajatembea. Mwaka huo alikuwa na mimba tena, ya miezi saba, na dresa wa hospitali, msaidizi wa daktari, alimwambia damu yake ni chache mno, na kwamba akizaa katika hali ile huenda asiamke. Ale majani, ale kunde, ale samaki, aache kujaza tumbo wali mtupu.

Hayo mimi sikuyajua. Niliyajua baadaye, lakini wewe unayesoma bora uyajue sasa, upate kunihukumu sawasawa. Nilichokiona ni kwamba alasiri moja ya mwisho wa Shaabani jirani alikuja kwetu na buibui lake, akapanda ngazi akipumzika kila kidato, akaingia na mama chumba cha ndani. Mimi nilifukuzwa. Niliisikia sentensi moja tu mlangoni, ya jirani, akicheka kicheko kisichokuwa na furaha: "Mficha uchi hazai, ndugu yangu, ndipo nikaya kwako." Kumtuma mtumishi wake kwenye gofu kuchuma mronge asingeweza, mji mzima ungejua kabla ya adhuhuri, na wangesema tajiri amefilisika. Akamwomba mama ampikie anachotupikia sisi. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaingia, na katika Ramadhani sahani hupelekwa nyumba kwa nyumba tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, na hapana anayeuliza sahani ya nani inakwenda wapi. Hapo ndipo palipokuwa pahali pa kuificha siri.

Siku ya kwanza ya mfungo mama alishusha ile sahani ya samawati kutoka kidakani. Nilishangaa, kwa sababu haikuwa ikitiwa chakula. Akatia kunde za tui, akatia mronge uliopondwa, akatia papa aliyechambuliwa vizuri asiwe na mwiba, akakamua ndimu, akaifunika na kawa mpya ya ukili wa rangi.

"Tukua. Umpe mwenyewe mkononi, usimpe mtu mngine. Na umwambie ale yote."

Niliona ajabu, lakini nikaenda. Jirani aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, na sahani ikarudi na sambusa sita. Kwetu Amu sahani hairudi tupu. Ukiletewa kitu, unaosha sahani, unatia chochote: tende, sukari kidogo, ndimu moja, hata chumvi. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mwenzio chakula chako sikukitaka, na wewe mwenyewe sikutaki. Hilo kila mtoto wa Amu analijua kabla hajajua alifu.

Siku ya pili nilimkuta binti yake kiwandani, ule ua wa ndani, pamoja na binamu zake watatu waliovaa magauni ya Idi kabla ya Idi. Alinizuia njia, akafunua kawa. Harufu ya papa haina adabu. Ilitoka ikaujaza ua mzima.

"Papa!" akapiga kelele. "Papa na mayani ya mronge! Hiki si chakula cha punda? Kwenu hamna mtele?"

Wote wakacheka, na mmoja akaziba pua. Binti mwenyewe alikuwa na vidonda pembeni mwa midomo, vile vya siku zote, na alipocheka vikapasuka akashika mdomo. Leo ningejua kwamba vidonda vile vinatokana na wali mtupu. Siku ile niliona gauni lake tu. Nikapita, nikatoa sahani, nikapewa kaimati, nikatoka mbio. Chuoni asubuhi yake waliniita Bi Papa, kwa sauti ya chini baba asisikie.

Siku ya tatu nilitoka na sahani, nikafika kwenye gofu, nikasimama. Ndani yake alikuwa amefungwa punda wa mchukuzi wa mawe. Niliingia. Nilitazama nyuma, sikuona mtu, nikafunua kawa nikamwaga. Punda akala kunde na mronge papo hapo, chini ya mti uleule alikochuma kakangu. Papa alimwacha, lakini paka walikuwa wameshafika. Nikaifuta sahani na ncha ya leso yangu, nikakaa juu ya jiwe kiasi cha kwenda na kurudi, na nilipoinuka ndipo nikaona ninachokwenda kukifanya. Nilikuwa na sahani tupu mkononi.

Ningeweza kutia hata ndimu. Mndimu ulikuwa karibu, katika ua wa watu. Sikutia. Niliogopa kuulizwa, nikaona ukimya utaniokoa zaidi.

Ndugu zangu walikuwa wananingoja juu ya ngazi. Mdogo wetu wa mwisho alifunua kawa, akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Leo hawakutia kitu?"

"Hawakutia," nikasema.

Mama alikuwa akipuliza moto. Hakugeuka. Alisema huenda wamesahau, watu wenye wageni husahau. Siku ya nne alipika tena, na nakumbuka kumwona akiongeza tui la kwanza, lile letu, katika sehemu ya jirani. Nikamwaga. Siku ya tano nikamwaga. Siku ya sita mama aliichukua sahani mkononi mwangu mwenyewe, akaipindua, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Hakunena neno?"

"Hakunena."

"Alikula?"

"Siyui," nikasema, na hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.

Ungeniuliza wakati ule kama namwonea mama, ningeapa hapana. Nilijiambia namkinga asichekwe. Ndivyo nilivyojidanganya! Nilikuwa nafunga, naswali, nasoma juzuu yangu baada ya adhuhuri, na alasiri nikaenda kulisha punda rizki ya watu, kisha nikafuturu kunde zilezile kwa raha yangu, na zilikuwa tamu. Sikumwonea mama huruma wala sikumwogopa Mungu. Nilimwogopa msichana mwenye vidonda vya mdomo.

Siku ya tisa sahani ilirudi tupu mara ya saba. Mama aliiosha polepole, akaikausha, akairudisha kidakani. Kesho yake alasiri nilingoja kuitwa, sikuitwa. Alipakua yetu tu. Baba alimuuliza kulikoni leo jirani hapelekewi kitu, naye akajibu, "Wamekinai." Lakini tangu siku ile aliacha kutujazia sinia kwa ile furaha yake ya kupanga rangi, akawa anapakua kama mtu anayemaliza kazi. Nilimwona siku moja akinusa viganja vyake alipokwisha kuchambua papa, kisha akaenda kuviosha tena kwa ndimu. Mamangu, aliyetuambia ni chakula cha Qur'ani, alianza kukionea haya chakula chake. Aibu yangu ilikuwa imemwambukiza, na mimi nikaona nimepona.

Mwenye kungoja upande wa pili alikuwa nani, sikujiuliza. Jirani hakutuma mtu kuuliza. Aliomba mara moja kwa taabu, na mtu wa nyumba kubwa haombi chakula mara mbili. Mama naye alitukanwa mara saba, hakwenda kutafuta ya nane. Baina yao palikuwa na hatua mia, na mimi.

Siku ya nne baada ya Idi alikuja mkunga, mwanamke mzee aliyetuzalisha sote. Alikaa kwenye mkeka, akakataa kahawa, akasema jirani amejifungua mtoto wa kike, mdogo, lakini analia. Mama mtu hali yake si njema. Ametoka damu nyingi na hakuwa nayo ya kutoka.

"Yu hai kwa rehema ya Mngu," akasema mkunga. "Nalimuuliza, weye dresa hakukwambia ule? Akaniambia, nalikula siku mbili, kisha jirani yangu akanikata. Siyui nalimkosea nini."

Mama alimsindikiza mkunga mpaka ngazini, akarudi, akasimama mbele yangu. Nilikuwa nachambua mtama kwenye ungo.

"Chakula kilikwenda wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, gofu, punda, paka, Bi Papa, nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya ungo. Nilingoja kofi. Ningelipenda anipige, na nadhani alijua, kwa hivyo hakunipiga. Aliniondolea ungo mapajani akaniambia nipande darini nikachume mchicha, na kakangu akatumwa kwenye mronge, mchana kweupe.

Alipika mwenyewe, akashusha sahani ya samawati, akavaa buibui. Mwanamke wa nyumba kama yetu hakutoka jua likiwa juu, na kama alitoka hakubeba chakula. Mama alitoka. Aliibeba sahani mwenyewe bila kawa, mimi nikifuata nyuma, na harufu ya papa ikapita nasi mbele ya wanaume waliokaa madakani. Waligeuza shingo tulipopita. Nilitamani ardhi inimeze, mpaka nilipoona kwamba yeye hatembei kwa aibu, anatembea kwa haraka.

Jirani alikuwa amelala juu ya kitanda kirefu, midomo imekuwa rangi ya chokaa. Mtoto alikuwa kwenye pembe ya leso, ngumi yake ndogo kuliko ndimu. Binti mkubwa alikaa miguuni pa mamake, hakunitazama. Mama aliketi, akamwinua mgonjwa kichwa, akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Kisha akasema, na mimi nikiwa nimesimama pale:

"Nisamehe, ndugu yangu. Ni mimi. Kibri kilinishika, nikaona napika nisishukuriwe. Nalikukata."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Mama alinitazama mara moja, nikafunga.

"Kila alasiri naliketi kisikiza mlango," jirani akasema. Machozi yalimtoka bila sauti. "Nimekusamehe. Nipa tena."

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini amelichukua kosa langu. Alinijibu bila kugeuza uso.

"Mimi nimeolewa kitambo. Weye bado."

Ndiyo yote aliyosema, siku ile na siku zote. Alipeleka sahani siku arubaini, mwenyewe, na kila siku ilirudi na kitu. Jirani alipona, ingawa hakuzaa tena, na sitasema kwamba majani ya siku zile yangezuia hayo, wala sitasema hayangezuia. Dresa angejua, mimi sikuthubutu kumuuliza. Binti yake aliniomba radhi chuoni kwa kuniita Bi Papa. Nikampa radhi, kwa heshima kubwa! Mjini ikajulikana kwamba mke wa mwalimu alimkatia jirani yake mja mzito chakula kwa sababu ya kibri. Walisema kwa upole, kwa kuwa alitubu. Lakini walisema, na mama aliyasikia mara nyingi katika arusi na matanga, akainamisha kichwa kama mwenye kosa.

Nami nikaolewa vizuri. Nikalea watoto wangu kwa sheria yake, kitu cha shamba, kitu cha bahari, kijani na kikali, na watu wakanisifu kwamba najua kuwalisha watoto kwa kidogo. Sikumwambia mume wangu. Kila mwaka Ramadhani ilipoandama nilisema mwaka huu nitakwenda kwa jirani nikamwambie, na kila mwaka nilimpelekea sahani badala ya kumwambia.

Mama alipofariki, jirani alikuwa ajuza anayeshikwa mkono. Aliyemshika ni yule binti aliyezaliwa baada ya Idi, mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye watoto wake. Walikuja siku ya tatu, hitima ikisomwa, chumba cha ndani kimejaa wanawake mpaka mlangoni. Kama ilivyo desturi, mmoja wetu alisema mwenye haki yake kwa marehemu na amsamehe. Watu wakanong'ona kwamba wamesamehe. Ajuza akainua mkono asikilizwe.

"Mwenzangu huyu alinilisha siku arubaini kwa mkono wake," akasema. "Alinikosea mara moya tu katika umri wetu. Nalimsamehe siku ile, na leo namsamehe tena mbee za Mngu na mbee zenu, asiulizwe kaburini."

Nilikuwa nimeketi karibu naye, magoti yetu yakigusana, juzuu imefunguka mapajani mwangu. Sahani ya samawati ilikuwa kidakani, juu ya kichwa chake. Wanawake wote waliitikia Amin. Na mimi nikaitikia.